Kisu cha Kukunja na Maana ya Kuaminika

Kisu katika semi zetu kina sifa moja tu inayotajwa na kurudiwa, nayo ni ukali. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, twasema. Kisu kikigusa mfupa twajua mambo yamefika pabaya. Hata jicho la mwenye hasira hupimwa kwa makali, likasemwa linakata kushinda wembe. Katika miaka yangu yote ya kufundisha Kiswahili shule za sekondari sikukutana na methali inayosifu kisu kwa sababu kilikaa wazi kilipotakiwa kukaa wazi, wala inayokilaumu kwa kujifunga juu ya vidole vya mwenyewe. Pengo hilo sikuliona darasani. Nililiona nilipotakiwa kuchagua kisu kimoja kidogo kwa ajili ya mtu mmoja aendaye mahali pa hatari.

Mtu huyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Mwanzoni mwa mwaka 2018 alinipigia simu akaniambia kikosi chake kinajiandaa kwenda Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa. Baada ya salamu na habari za nyumbani akasema, "Mjomba, nitafutie kisu cha kukunja. Kiwe kidogo, kikae mfukoni. Ila kiwe cha kuaminika."

Wasiotujua Waluguru huenda wakashangaa kwa nini hakumwomba baba yake. Kwetu, kwenye milima hii ya Uluguru, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti na wajibu juu ya watoto wa dada yake. Shamba, mahari, ugomvi, safari: yote humfikia mjomba kabla hayajaamuliwa. Kwa hiyo ombi lile halikuwa la kununuliwa kitu dukani tu. Lilikuwa la kuwekewa neno la ukoo katika kitu ambacho angekwenda nacho.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kulichukulia kwa uzito. Wakati ule jina la Semuliki lilikuwa bado bichi masikioni mwa kila mwenye ndugu jeshini. Usiku wa tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, wilaya ya Beni, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa kwa saa kadhaa na waasi waliotajwa kuwa wa kundi la ADF. Taarifa za awali zilitaja askari wetu 14 waliouawa, na waliojeruhiwa walikuwa wengi zaidi. Miaka minne kabla yake, tarehe 13 Julai 2013, askari saba wa Tanzania waliuawa Darfur, nchini Sudan. Mwaka huohuo wa 2013 Baraza la Usalama lilipitisha Azimio namba 2098, likaunda brigedi maalumu ya askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ndani ya jeshi la Umoja wa Mataifa huko Kongo. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, na kufikia Novemba mwaka ule waasi wa M23 walikuwa wameshindwa na kuondoka katika ngome zao. Kwa hiyo mpwa wangu alikuwa anakwenda mahali ambako wenzake walishashinda na walishakufa.

Jambo la kwanza nililomuuliza lilikuwa la kimwalimu: kisu cha kufanyia nini? Mtu hawezi kuchagua chombo kabla ya kujua kazi yake. Akanijibu kwa utulivu. Silaha amepewa na jeshi, na bunduki ina singe yake. Kisu cha kukunja si cha kupigana. Ni cha kukata kamba ya turubai, kufungua mfuko wa chakula, kuchonga kijiti cha kushikia chandarua, kumenya embe. Na kipo kwa ajili ya siku moja ambayo mtu huomba isifike: siku ya kukata mkanda uliomnasa mwenzako, au kuchana suruali iliyolowa damu ili kidonda kionekane na kifungwe. "Siku hiyo," akasema, "mkono mmoja unakuwa umeshika kitu kingine." Akaongeza kwamba amekwisha kumuuliza mkubwa wake, naye amemruhusu kubeba kisu kidogo cha namna hiyo kwenye begi lake la safari.

Maneno yale ya mkono mmoja yalitosha kuniongoza. Mimi si askari, lakini visu navijua kwa upande mwingine. Nilizaliwa upande wa mashariki wa milima, kule Matombo, ambako mdalasini, karafuu na pilipili manga hustawi kwa mvua itokayo baharini. Mdalasini hubanduliwa kwa kisu. Unakata duara juu na duara chini ya tawi, unapasua kwa urefu, kisha unaingiza ncha chini ya gome na kulibandua taratibu ili lisivunjike. Mvulana aliyefanya kazi hiyo hadi vidole vikanuka mdalasini wiki nzima hujifunza mapema kwamba kisu kikali ni cha hatari kidogo kuliko kisu butu, kwa sababu butu hulazimisha mkono kusukuma, na mkono unaosukuma huteleza. Hujifunza pia kwamba kisu chenye mpini unaocheza ni cha hatari kuliko vyote viwili.

Visu vya utotoni kwetu vilikuwa vya ala, yaani vya mpini na ubapa uliosimama, kazi ya mhunzi. Kisu cha kukunja ni kiumbe kingine. Hapa naomba wapenzi wa lugha tusimame kidogo. Kitenzi ni *kunja*, na kinyume chake *kunjua*, kama *funga* na *fungua*, *ziba* na *zibua*. Mtu akikunja uso amekasirika, na akiukunjua amefurahi. Mtu mwenye moyo uliokunjuliwa tunamwita mkunjufu. Hivyo lugha yetu imekwisha kuamua kwamba kukunja ni kujificha na kujilinda, na kukunjua ni kujitoa kwa mwingine. Kisu kizuri cha kukunja lazima kijue yote mawili. Mfukoni kijikunje kisimdhuru anayekibeba, na kazini kikunjuke upesi, kibaki kimekunjuka hadi mwenyewe aamue.

Nilianza kwa mhunzi mmoja wa mtaani hapa Morogoro mjini, fundi anayefua mapanga na majembe kutokana na springi za magari makuukuu. Nilimwuliza kama anaweza kunitengenezea kisu cha kukunja. Alicheka kwa adabu. "Mwalimu," akasema, "kufua naweza. Kuunga kiungo cha kufunga na kufungua mara elfu bila kulegea, hiyo siyo kazi ya nyundo." Kisha akanifundisha bila kunitoza senti. Aliniambia kwamba watu wakinunua kisu hupitisha kidole kwenye makali. Makali ni jambo la kwanza kuangaliwa na la mwisho kujali, kwa sababu makali hupotea kila siku na kila siku hurudishwa kwa jiwe. Kinachostahili kutazamwa ni bawaba, na kile kinachozuia ubapa usirudi. Hivyo viwili vikiharibika porini, hakuna jiwe la kuvirudisha.

Kile kinachozuia ubapa usirudi hakina jina lililotulia katika Kiswahili chetu. Mafundi na vijana wa madukani husema *loki*. Wengine husema *kibanio*, wengine *springi*, ingawa springi ni sehemu tu ya mtambo wake. Mimi nilijikuta nikiliita *komeo*, na bado naona neno hilo linafaa. Komeo ni kile kipande cha mti au chuma kinachopitishwa nyuma ya mlango wakati wa usiku. Hakiufanyi mlango uwe mzuri, ila ndicho kinachofanya walio ndani walale. Na kitenzi chake kina utamu: *komea* ni kufunga kwa komeo, *komoa* ni kuliondoa. Tena *kumkomoa* mtu ni kumtia adabu au kumfanyizia. Kwa hiyo kisu ambacho komeo lake hukomoka lenyewe, humkomoa mwenyewe. Sijui kama lugha ilikusudia hivyo, lakini anayekatwa vidole na kisu chake ataona imesema kweli.

Nilipata visu vitatu vya kulinganisha.

Cha kwanza kilikuwa cha dukani, hakina jina la kiwanda, kimepakwa rangi nyeusi, kina meno, tundu, kulabu na mchoro wa fuvu. Kilifunguka kwa kishindo kama cha sinema. Nilifanya kama mhunzi alivyonielekeza. Nilikifungua, nikashika mpini kwa namna ambayo hakuna kidole kilicho kwenye njia ya ubapa, kisha nikagonga mgongo wake polepole juu ya gogo. Pigo la kwanza kilivumilia. La pili kilijifunga. Nilikirudisha dukani siku ileile. Muuzaji akaniambia kwamba wengi hukipenda, nami sikubisha, kwa sababu kupendeza ndiyo kazi kilichotengenezewa.

Cha pili kilikuwa Okapi, nilichoazimwa na dereva mstaafu wa malori ambaye alikinunua katika safari zake za kusini. Wengi wenu mnakijua: mpini wa mbao uliopindika kidogo, nakshi za mwezi na nyota, na kipete cha chuma mgongoni. Ukikifungua husikika mlio wa meno yakipandana, kre, kre, kre. Historia yake inatuhusu kuliko tunavyodhani. Visu hivi vilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Kijerumani ya Afrika, na wakati huo nchi yetu ilikuwa mojawapo. Baadaye, miaka ya 1980, utengenezaji ulihamia Afrika Kusini. Jina ni la yule mnyama wa jamii ya twiga mwenye miguu iliyotiwa mistari kama ya punda milia, ambaye wanasayansi wa Ulaya walimtambua mwaka 1901, na ambaye makazi yake ni misitu ya Kongo, hasa Ituri, jirani na kule Beni alikokuwa anakwenda mpwa wangu. Nilipolifikiria hilo nilivutiwa kukichagua kwa ajili ya jina tu, kama wafanyavyo washairi. Lakini kisu hakipewi kwa ajili ya jina. Kukifunga Okapi yahitaji kuvuta kipete kwa mkono mmoja na kusukuma ubapa kwa mwingine, na ubapa wake ni wa chuma cha kaboni ambacho hunoleka vizuri sana, lakini katika unyevu hushika kutu usiku mmoja tu. Kwa shamba la Matombo, ambako jioni unakifuta na kukipaka mafuta, ni kisu cha maana kwa bei ya mkulima. Kwa msitu wa mvua, ambako mtu hulala na buti miguuni, nilisita.

Hapo ndipo nilipomwandikia mwanafunzi wangu wa zamani aishiye Zürich, Uswisi. Nilimweleza kazi iliyokusudiwa. Yeye akanishauri juu ya viwili. Kimoja ni Opinel ya Ufaransa, kisu cha wakulima wa milima ya Savoie tangu mwaka 1890, ambacho tangu 1955 kina pete ya chuma shingoni: ukiizungusha, ubapa umekomewa. Ni kisu chepesi, cha bei nafuu, na komeo lake ni rahisi kiasi kwamba mtoto anaweza kulielewa. Lakini pete ile yataka mikono miwili, na mpini wake ni wa mbao. Mbao ikinywa maji huvimba, na ikivimba hukishika kisu ndani kisitoke. Kwa mtu wa nyanda kavu si tatizo. Kwa Beni ni tatizo.

Cha pili, ambacho ndicho cha tatu katika hesabu yangu, ni ndugu wa kile ambacho jeshi la Uswisi lilikichagua mwaka 2008 kwa ajili ya askari wake. Kampuni ya Victorinox imekuwa ikilipatia jeshi hilo visu tangu mwaka 1891. Kile cha 2008 kina urefu wa milimita 111 kikikunjwa, kina uzito wa gramu 131, na ubapa wake una tundu pana ambalo kidole gumba huingia na kuusukuma hadi komeo liitikie kwa mlio mdogo. Sehemu ya makali imechongwa meno kama ya msumeno, ambayo huikata kamba na mkanda bila kuteleza. Chuma chake hakishiki kutu kwa urahisi. Mpini ni wa plastiki ya kijani iliyofifia, haung'ai, una sehemu za kukwaruza ili usiponyoke mkono ukilowa. Kina msumeno mdogo na kifaa cha kufungulia makopo. Hakina fuvu, wala kulabu, wala kishindo. Mtu akikitazama kwenye meza ya duka anaweza kukipita.

Kilipofika mikononi mwangu nilikipa mitihani kama mwalimu. Nilikikunjua na kukishika ncha, nikaisukuma kushoto na kulia nione kama bawaba inacheza: haikucheza. Niligonga mgongo juu ya gogo, mara moja, mara mbili, mara kumi: komeo lilikaa. Nilikipaka udongo mwekundu wa shambani uliolowa, nikajaribu kukikunjua kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kwa sababu mtu aliyejeruhiwa hachagui mkono atakaobaki nao. Kwa kushoto kilinipa taabu kidogo, lakini kilikubali. Nilikisuuza kwa maji, nikatia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba. Nilikata kamba ya katani, mkanda wa begi kuukuu, na kitambaa kizito cha suruali. Mwisho nilikiangalia tundu la kamba kwenye kitako cha mpini, kwa sababu kisu kinachoanguka usiku kwenye nyasi ni sawa na kisu kisichokuwepo.

Kikwazo cha mwisho hakikuwa cha chuma. Dada yangu alipokiona mezani alinuna. "Kaka," akasema, "mtoto anakwenda kwenye vita unampa kisu? Kama mambo yamefika pa kutumia hicho, si ndiyo basi tena?" Kwetu mama alitulea tusikabidhiane kisu mkono kwa mkono. Kisu huwekwa chini, na anayekitaka hukiokota, ili usije ukakata yaliyo kati yenu. Dada yangu alikuwa amebeba katazo hilo hadi utu uzima, na chini ya katazo hilo kulikuwa na hofu ambayo hakutaka kuitaja kwa jina.

Sikumjibu kwa hoja za bawaba. Nilimjibu kwa neno. Nilimwambia: mwanao ameomba kisu cha *kuaminika*. Neno hilo ni la ukoo mmoja na *amani*, anayokwenda kuilinda. Ni la ukoo mmoja na *amana*, kitu ambacho mtu hukuwekea akijua utamrudishia, na ni la ukoo mmoja na *imani*, ambayo wewe unayo kuliko mimi. Yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, nasi tukayapokea mmoja baada ya mwingine, kila moja likaenda kufanya kazi yake. Kisu hiki si cha kutafuta vita. Ni amana. Tunamwazima, naye atakirudisha.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza kama lile tundu la mwishoni ni la kitu gani. Nilipomweleza, aliingia ndani akatoka na kipande cha kaniki, akakichana vipande vyembamba, akasuka kamba. Alichagua kaniki kwa sababu ni nyeusi na haionekani mbali. Hakuna aliyemfundisha hilo. Mpwa wangu alipofika kuaga, mama yake ndiye aliyekiweka kisu juu ya mkeka, naye akakiokota.

Nilimpa maagizo machache, na nayaandika hapa kwa ajili ya yeyote atakayetakiwa kufanya uchaguzi kama huu. Kwenye ndege kikae kwenye begi la mizigo. Kila jioni kikunjuliwe na kukunjwa mara kumi, kwa kila mkono, hadi vidole vijue bila kuulizwa. Matope yakiingia kwenye bawaba yaoshwe kabla hayajakauka. Ubapa usitumike kubandulia wala kukazia skrubu, kwa sababu ncha ikivunjika haioti. Kisinolewe hadi kiwe kama wembe, kwani makali membamba mno hupinda kwenye mkanda. Na asikiazimishe kwa mtu asiyejua komeo lake linavyofunguliwa, hata akiwa rafiki.

Nilimwandikia pia ubeti mmoja, nikauweka ndani ya kisanduku. Si kazi ya kushindania tuzo, lakini mizani imetimia:

Kisu nimekuchagua, nenda naye safarini,
Akitaka kukunjua, usigome mkononi,
Makali yakipungua, kinoo kipo mtoni,
Usije ukakomoka, mwana arudi nyumbani.

Alikaa Kongo zaidi ya mwaka. Katika simu zake hakuzungumzia hatari, kama ilivyo desturi ya askari kwa watu wa nyumbani. Kisu alikitaja mara chache: kimekata maembe, kimechonga vigingi, kimefungua makopo ya kikosi kizima. Mara moja tu alisema jambo jingine, tena kwa sentensi tatu. Gari lao liliteleza kwenye matope likalala ubavu. Mwenzake mmoja alinaswa na mkanda, kifua kimebanwa, na maji ya mtaro yalikuwa yanaingia. "Kilifunguka, mjomba," akasema, kisha akaniuliza habari za mvua za vuli huku nyumbani.

Niliyafikiria sana maneno yale mawili ya mwanzo. Hakusema kisu kilikuwa kikali, ingawa lazima kilikuwa kikali, vinginevyo mkanda usingekatika. Hakusema kilikuwa kizuri. Alisema kilifunguka. Kwa mtu aliyekuwa gizani, mkono mmoja umeshika kola ya mwenzake ili kichwa kisizame, sifa yote ya kisu ilikuwa ndani ya kitenzi hicho kimoja.

Ndiyo maana naona methali zetu zimetuachia kazi. Ukali tumeusifu vya kutosha, na ni haki yake. Lakini ukali ni sifa ya ubapa, na ubapa hunolewa. Kuaminika ni sifa ya kiungo, na kiungo hupimwa kabla ya safari. Atakayemchagulia kisu mtu aendaye mahali pa hatari aanze na bawaba na komeo, aendelee na mkono mmoja na matope, afuate chuma na kutu, kisha ndipo apitishe kidole kwenye makali. Nanyi malenga, siku mtakayotunga juu ya rafiki wa kweli, msiishie kumsifu kwa ulimi mkali na akili kali. Semeni kama alifunguka alipohitajika, na kama alikaa wazi hadi kazi ikaisha.

Mpwa wangu alirudi. Kisu alikirudisha kama tulivyokubaliana, mpini umekwaruzika, kamba ya kaniki imefifia kuwa ya kijivu. Sasa kinakaa kwa mama yake, ambaye hukitumia kukatia mboga za Mgeta na hataki mtu akiguse. Limebaki swali la lugha, nalo nawaachia ninyi: huko mliko, Pemba, Tanga, Lamu, Kigoma au Bukavu, kile kinachozuia ubapa usirudi mnakiitaje? Mimi nimesema komeo. Mwenye neno lililo bora kuliko hilo alilete, nami nitalipokea kwa mikono miwili.